Wimbo wa Kaka kwa Okestra ya Kompyuta

Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya nyumba, hapa Bariadi, na kuta zake nimezijaza pamba. Wenye studio za Mwanza hubandika sponji za kununua. Mimi nilichukua pamba fifi, ile chafu ambayo mnunuzi anaikunjia uso kwenye mizani, nikaishindilia kwenye magunia, magunia nikayapigilia ukutani kwa mbao, na juu yake nikatandaza vitenge vya mke wangu vilivyochakaa. Ukipiga kofi mle ndani, sauti inakufa hapo hapo. Wa kucheka walicheka, na kwaya zao nimezirekodi mle mle.

Nasema haya ili msomaji ajue anaongea na nani. Nilisoma mpaka darasa la nne, baba akasema ng'ombe hawana mchungaji, shule ikaishia hapo. Simlaumu. Spika yangu ya kwanza ilishushwa na treni kituo cha Malampaka, nikaifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira, nikaisukuma njia nzima badala ya kuipanda, kwa kuogopa isianguke. Kutoka kwenye spika ile nikapata nyingine, kisha jenereta, kisha gari la kuzibeba. Nimepiga muziki kwenye harusi, nimepaza sauti za wachungaji na mapadri, nimewasaidia wanasiasa wasikike hata walipokuwa hawana la kusema. Baadaye kwaya zikaanza kutaka kurekodi, nikajenga chumba, nikaajiri fundi wa kompyuta.

Fundi alikaa, akazoeleka, akahamia Mwanza kutafuta jina. Aliniachia kompyuta, kinanda, na waya zilizofungana kama utumbo wa mbuzi. Mke wangu akauliza, "Sasa utamwajiri nani?"

"Aliyepo," nikamwambia.

"Aliyepo nani?"

"Si huyu unayemwona?"

Akanitazama kutoka unyayo mpaka kofia, akarudi jikoni. Lakini nilijifunza. Nilibonyeza, nikaharibu, nikabonyeza tena. Kiingereza cha kwenye kioo sikisomi, nakitambua kama mchungaji anavyotambua alama kwenye paja la ng'ombe. Hii ya kufungua, hii ya kuhifadhi, hii usiiguse.

Siku moja natafuta sauti ya kinanda cha kanisani, nikafungua mahali nisipopajua ndani ya ile programu. Mle nikakuta okestra. Kwa watu wa umri wangu okestra ni bendi ya dansi, magitaa na saksafoni na mtu wa kuimba kuhusu mke aliyeondoka. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya fidla nyingi, filimbi, matarumbeta, ngoma kubwa kama pipa. Nilikuja kuelewa baadaye jinsi inavyotengenezwa. Watu huko Ulaya wanakaa ukumbini, kila mmoja anapiga noti moja peke yake. Anaipiga polepole, anaipiga kwa nguvu, anaivuta ndefu, anaidonoa fupi. Kila noti inahifadhiwa kama mbegu kwenye kibuyu. Wewe ukibonyeza kitufe cha kinanda Bariadi, yule mtu anakupigia, na hajui kwamba Bariadi ipo. Nilimwonea huruma kidogo. Amekaa siku nzima anavuta noti moja, hakuna wa kumpokea, hakuna wa kumpigia vigelegele.

Siku ile ya kwanza nilibonyeza kitufe kimoja tu, nikakishikilia. Kundi zima la fidla likavuta pumzi pamoja. Mke wangu akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Mbona wanalia?"

"Hawalii, mama. Wako kazini."

Tangu hapo nikawa natunga. Kwaya nikawawekea fidla chini ya sauti zao, wakafurahi. Watu wa harusi nikawatengenezea muziki wa bibi harusi kuingia, wakauliza nimeutoa nchi gani. Nikaona hakuna kitakachonishinda kwenye kile kioo. Hayo yalikuwa mawazo yangu mpaka yalipofika mambo ya kaka.

Kaka yangu wa tumbo moja anaishi Kimali, wilaya ya Meatu, na ng'ombe wake na mke wake. Yeye ni ningi. Ningi kwetu Usukumani ni mtu anayetunga nyimbo za ngoma na kuziongoza, na jina hilo halitolewi kwa huruma. Asiye wa kwetu inabidi nimweleze mashindano yetu yalivyo. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma vinakutana uwanja mmoja, wala havipokezani. Vinapiga kwa wakati ule ule, kimoja kule, kingine huku, kila kimoja na ngoma zake na ningi wake. Hakuna jaji wa kukaa kwenye kiti. Watazamaji wenyewe ndio hukumu, wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Wanaenda huku, wanarudi kule, kama maji kwenye beseni unalolibeba. Ukiona upande wako umebaki vumbi na mbwa, kusanya ngoma zako ukalale.

Baba alikuwa wa chama kimoja, mjomba alikuwa wa kingine. Mimi nikamfuata baba, kaka akamfuata mjomba. Majina ya vyama siyataji. Msukuma anayajua, na asiye Msukuma hayatamsaidia. Basi tukakua hivyo. Asubuhi tunakula viazi vya michembe sahani moja, jioni ananitukana kwa wimbo mbele ya kata nzima, na kesho yake asubuhi ananiuliza kama nimeupenda.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa mwaka ule mvua iliponyesha upande mmoja tu wa barabara. Jambo lenyewe lilitokea. Mahindi ya upande ule yakasimama kama askari, ya upande huu yakakauka yakiwa na kimo cha goti. Kaka akatunga wimbo anaisemesha mvua kama mtu. Anaiuliza ni nani aliyeihonga, imekula kwa nani, na kwa nini ikipita kwetu inainua gauni isiguse vumbi letu. Kwa wimbo ule alitushinda mpaka tukazoea kushindwa. Nimewaona watu wa chama changu, watu waliokunywa pombe yangu, wakinyanyuka taratibu kana kwamba wanaenda haja, kumbe wanaenda kumsikiliza kaka.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, kikaufanya mguu wa kulia uwe wa kuburuta, na kikachukua maneno. Anaelewa kila kitu, ukimdanganya anajua. Lakini mdomoni limebaki neno moja tu, "haya". Chai ni haya, kiu ni haya, nitoke hapa ni haya. Kichwa nacho kinamsaliti, anatikisa kukataa wakati anataka. Daktari alisema ndivyo ugonjwa huo unavyofanya. Fikiria mtu aliyeishi kwa maneno.

Wenzake wa ngoma walikuja uani kwake kumpa moyo, wakapiga ule wimbo wa mvua. Akainua fimbo kwa mkono wa kushoto akaipiga ngoma, si kwa kuicheza, kwa kuinyamazisha. Machozi yanamtoka, anasema haya, haya, haya. Wakabeba ngoma zao wakaondoka. Na wimbo kwetu una mwenyewe. Ningi akiwa hai, huimbi wimbo wake bila neno lake. Sasa huyu neno hana, na ngoma ameonekana akiipiga fimbo. Wakauacha. Toka siku hiyo ule wimbo haukuimbwa Kimali wala kwingine.

Shemeji yangu, mke wa kaka, akanipigia simu.

"Shemeji, mwadila."

"Mwadila, shemeji. Mgonjwa wetu?"

"Mgonjwa anakula kama kuku mgeni. Anadonoa, anaacha. Wenzake wakija anageukia ukuta. Jana nimemwogesha, nikamwambia imba hata kidogo, akanimwagia maji."

"Pole sana."

"Pole naisikia kila siku, shemeji, nimeijaza ndani. Wewe si una mashine zinazoimba?"

"Haziimbi, zinapiga."

"Basi zipige. Yule akiamini wimbo wake umekufa, atakwenda nao. Namjua."

Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nikaenda moja kwa moja chumba cha pamba, nikafunga mlango.

Ule wimbo sikuhitaji kuutafuta kwenye kanda. Mtu aliyekushinda unamjua kuliko anavyojijua. Niliupiga kwenye kinanda kwa vidole viwili vitatu, nikauandika kwenye kompyuta, kisha nikaanza kuugawa. Nilijiambia, kaka ni mtu wa mashindano, nitampa mashindano. Fidla zote nikazifanya chama chake, nikaziweka spika ya kulia. Matarumbeta nikayafanya chama chetu, cha baba, nikayaweka spika ya kushoto. Katikati nikaweka ngoma kubwa. Fidla zikiimba wimbo wa mvua, matarumbeta yanajibu hapo hapo, hayasubiri zimalize, kama tulivyokuwa tukifanya. Nikipandisha fidla naona chama cha baba kinaonewa, napandisha matarumbeta. Nikipandisha matarumbeta nasikia kaka amefunikwa, napandisha fidla. Mwisho kila kitu kiko juu kabisa, na kwenye kioo taa nyekundu za kuonya kwamba sauti imezidi zinawaka mfululizo. Fundi wangu wa zamani alikuwa anaziogopa zile taa. Mimi nikaona ni dalili ya uzima.

Nikapakia spika kubwa na jenereta, nikapitia Mwanhuzi, nikafika Kimali jua likiwa kali. Majirani wakaona gari wakaja bila kuitwa. Kaka akatolewa nje, akakalishwa kwenye kigoda. Amekonda. Nilimsalimia, "Kaka, mwadila," akasema, "Haya." Nikamwambia, "Nimekuletea wimbo wako. Umepigwa na watu wa Ulaya." Akanitazama kwa jicho moja limefumba kidogo. Zamani jicho lile lingefuatiwa na tusi zuri.

Nikawasha. Ng'ombe wa jirani wakakimbia. Watu wakasogea mbele, wakasogea kulia, wakasogea kushoto, wakasimama. Kaka akashika fimbo, akanyanyuka. Nikajua nimempata. Akaburuta mguu mpaka spika ya kulia, akasimama, akainamisha kichwa anasikiliza. Akaacha, akaburuta mguu mpaka spika ya kushoto. Akarudi kulia. Uso ukawa kama wa mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Halafu akageuka, akaingia ndani, na shemeji akamfuata akaurudisha mlango.

Nikazima. Mzee mmoja jirani, mchunga ng'ombe mwenzangu wa tangu utoto, akajikohoza.

"Ngosha! Hao wazungu wako wanagombea nini?"

Watu wakacheka.

"Wewe masikio yako yamezoea kengele za ng'ombe," nikamjibu.

"Kengele inanionyesha ng'ombe wangu alipo. Hii yako hata ng'ombe mwenyewe ni yupi sijamwona."

"Ni muziki wa okestra, huuelewi."

"Basi mwiteni mwenyekiti wa kitongoji aje awasuluhishe, kabla hawajaumizana."

Hapo walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikaanza kukunja waya. Shemeji akatoka, akaja karibu asisikike na wengine.

"Amelala?" nikamwuliza.

"Amegeukia ukuta."

"Nilimletea heshima, shemeji."

"Umemletea mashindano. Mguu hana, mdomo hana, unamleta uwanjani ashindane na nani? Na yale matarumbeta ni nyie. Nimewajua toka yalipolia."

Nikamalizia kukunja waya.

Nilirudi Bariadi nimenuna. Nilikaa na kinyongo changu, nikarekodi kwaya, nikapiga harusi. Kile kitu cha kaka sikukigusa. Nililaumu jenereta kwa kelele, nikalaumu upepo, nikalaumu spika. Kisha asubuhi moja kwaya imechelewa, mke wangu ana mgeni sebuleni, akaniomba nisipige makelele. Nikafungua ule wimbo kwa sauti ya chini sana, sauti ya kunong'ona, ili nisimuudhi. Kwa sauti ile ndogo nikasikia nilichokuwa nimefanya. Fidla hazikusikika wala matarumbeta hayakusikika, kulikuwa na fujo tu. Yule mzee wa kengele alisema kweli, na kumsamehe sijamsamehe.

Kosa lilikuwa hili. Uwanjani kwetu msikilizaji ana miguu. Vyama viwili vikipiga kwa mpigo anachagua, anakwenda, anaacha kimoja nyuma yake, kwa hiyo kila upande unatakiwa upige kwa nguvu zote bila kumjali mwenzake. Lakini mtu aliyekaa kati ya spika mbili hana pa kwenda. Ukimpigia viwanja viwili kwa wakati mmoja unamchana katikati. Na huyu wangu hata miguu ya kawaida alikuwa hana. Okestra si mashindano. Wale watu wote wamekaa ukumbi mmoja, na kazi ya wengi wao kwa muda mwingi ni kumnyamazia mwenzao.

Kujua ni rahisi, kushusha ni kazi. Nilishika ile alama ya matarumbeta kwenye kioo nikaanza kuishusha, na niseme ukweli, nilihisi namvua baba shati. Nikaishusha kidogo. Nikasikiliza. Bado yanapiga kelele. Nikaishusha tena. Mwishowe nikayatoa kwenye wimbo karibu wote, nikayaacha sehemu ya mwishoni tu, nayo yawe mbali. Nikayaongezea mwangwi mpaka yakasikika kama yanapigwa ng'ambo ya mto. Ngoma kubwa nikaipunguzia besi, maana ilikuwa inakula kila kitu kama nguruwe shambani. Fidla nikazigawa kulia na kushoto, zizunguke, zisiwe za chama.

Ikabaki sauti ya kaka mwenyewe. Nani awe kaka? Fidla ndogo nilizijaribu, zikawa tamu mno, za kuingiza bibi harusi. Tarumbeta lilijisifu. Zumari lilikuwa karibu, ila liliimbia puani, na kaka hakuwahi kuimbia puani. Nikajaribu ile fidla kubwa ambayo mpigaji anaikumbatia kwa magoti. Nikabonyeza noti ya kwanza ya wimbo wa mvua, nikaondoa mkono haraka kama nimeguswa na mtu. Ile sauti ina vumbi. Ni ya mwanaume mzima aliyetoka shamba. Nikaipa wimbo wote, nikazinyamazisha nyingine chini yake.

Lakini ilikuwa imekufa. Noti zote zipo, zimenyooka, hazina pumzi. Nilijua dawa yake. Upande wa kushoto wa kinanda changu kuna kigurudumu kidogo, unakisukuma kwa kidole gumba. Ukikipandisha, yule mpigaji anakandamiza upinde na sauti inanenepa. Ukikishusha inakonda mpaka inakwisha. Nikajaribu kumpumulia kaka kwa kile kigurudumu. Nilirudia, nikafuta, nikarudia. Kila nikisikiliza nasikia ni mimi, mtu wa chama cha baba, ninayemwigiza ningi. Nikakasirika nikazima kompyuta. Kesho yake nikaifunga kwenye blanketi, nikachukua na kinanda, spika ndogo za chumbani, na inveta ya kuchomeka kwenye betri ya gari, nikaenda Kimali bila kumwambia mtu.

Safari hii hakuna aliyekuja kuangalia, labda waliogopa ng'ombe wao. Kaka alikuwa uani, upande wa kivuli cha nyumba, anaangalia ukuta. Nikaweka meza mbele yake, nikapanga vitu vyangu. Hakunitazama.

"Kaka," nikasema, "ile siku nilikuletea ujinga."

"Haya."

"Usinikubalie haraka hivyo."

Shemeji, aliyekuwa anapepeta mtama, akacheka kidogo puani.

Nikaupiga wimbo kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Fidla kubwa ikaanza, haina pumzi, kama nilivyoiacha. Kaka akasikiliza. Nilimwona anatafuta, kichwa kimeinama. Ilipofika pale mvua inapoulizwa swali la kwanza akakunja uso akapiga ukingo wa meza kwa kiganja. Alikuwa amekasirika. Nikasimamisha, nikaogopa ataingia ndani tena. Hakuingia. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akatengeneza kitu hewani, unapanda, unakaa, unashuka. Mara moja, mara ya pili, kama mtu anayemwelekeza mpumbavu.

Ndipo nikakumbuka kigurudumu kiko upande gani.

Nikavuta kinanda mpaka kikagusa tumbo lake. Nikamshika kidole gumba, nikakiweka kwenye kigurudumu. "Ukisukuma anaimba kwa nguvu, ukirudisha ananyamaza. Noti ninazo mimi. Pumzi weka wewe." Nikaanzisha wimbo, na kompyuta nikaiambia ishike kila kitu kidole kile kitakachofanya.

Mwanzoni alisukuma ovyo, sauti ikapiga kelele, akashtuka, akarudisha. Akajaribu tena. Akanitazama, nikajifanya nashughulika na waya. Nikarudisha wimbo mwanzo. Safari hii fidla ikaingia ndogo sana, imejificha, ndivyo alivyokuwa anaingia yeye uwanjani, anaanza kama mtu anayejisemea ili watu wasogee. Ikanenepa kidogo, ikarudi. Ikanenepa. Alipofika pale kabla ya kuitaja mvua yenyewe akashusha kigurudumu mpaka chini. Kimya. Ngoma inaendelea peke yake kwa mbali. Nilikuwa nimeusahau ule unyamavu. Nilikuwa nimeukumbuka wimbo wote nikausahau unyamavu wake, na ndio uliokuwa unatuibia watu. Ungo wa shemeji ukasimama. Na mimi mwenyewe, kwa umri huu, na kompyuta ikiwa yangu, nikanyoosha shingo kusubiri.

Akaachia. Sitaieleza ile sauti. Shemeji aliweka ungo chini, akashukuru kwa Kisukuma, polepole, "Wabeja, baba," na hakuwa anasema na mimi.

Tukarudia mara nyingi. Hakuridhika upesi, hakuwahi kuwa mtu wa kuridhika. Mahali fulani matarumbeta ya mwishoni yalipoingia, yakiwa mbali kule ng'ambo, aliinua nyusi, akaninyooshea fimbo kifuani, akacheka, mdomo umekwenda upande. Alitutambua.

"Wapo kidogo tu," nikamwambia. "Siwezi kuwafukuza wote."

"Haya," akasema, na ile haya ilikuwa na dharau yake yote ya zamani.

Lakini jambo moja lilikuwa bado. Wimbo una mwenyewe, na mimi sikutaka kuondoka na kitu nilichoiba kwa mgonjwa. Kumwuliza nitamwulizaje? Neno lake ni moja, kichwa chake hakiaminiki. Nikafunga wimbo, nikaacha fidla kubwa peke yake. Nikabonyeza noti ya mwisho kwa kidole changu, nikaishikilia, kidole chake kikiwa bado kwenye kigurudumu. Sauti ikawa katikati, haipandi wala haishuki.

"Kaka," nikasema, "wenzako wa ngoma wanauogopa huu wimbo tangu ulipopiga ngoma yao. Nataka niwapelekee wausikie, waanze kuuimba tena. Nataka na watu wa Bariadi wausikie. Ni wako. Unaniruhusu?"

Akanitazama. Akashusha kigurudumu taratibu mpaka chini, na fidla ikakonda ikakwisha. Shemeji akainamisha uso kwenye mtama wake. Nikajua nimejibiwa, na ni haki yake. Ila kidole changu sikukiondoa kwenye noti, sijui kwa nini, labda kwa ubishi tu.

"Anakuchezea huyo," shemeji akasema bila kuinua kichwa. "Ndivyo alivyo."

Nikamwangalia kaka. Uso mzima haukuwa na kitu, lakini bega la kushoto lilikuwa linatikisika kwa kicheko. Akaanza kusukuma. Sauti ikatoka chini kabisa, ikapanda, ikafika pale nilipodhani atasimama, akapita, akasukuma mpaka kigurudumu kikagoma, na spika zangu ndogo zikaanza kukwaruza. Mimi mkwaruzo siuvumilii, mtu yeyote niliyemrekodi atakwambia. Niliuacha, kidole kimekaa pale pale kwenye noti, mpaka yeye alipochoka.